Viatu vya mtoto vya kitambaa: historia iliyo katika sindano ya mama zetu

Mama anayekaribia kuzaa, awe Goma, Bukavu au Uvira, huwa na kifurushi chake. Ndani mnakuwa vikwembe vya kumbebea mtoto, kofia, blanketi, na mara nyingi viatu vidogo vya kitambaa alivyoshona mwenyewe nyumbani. Havina soli ngumu wala kisigino. Vimetoka katika mabaki ya kikwembe, blanketi kuukuu au shati la baba lililochakaa.

Ukiuliza kitambaa hicho na ujuzi huo vilitoka wapi, utakuta historia ya Kongo ya mashariki ya zaidi ya miaka 150. Ni historia ya biashara, ya kazi ya kulazimishwa, ya masomo ya wasichana, na ya vita. Ndugu zetu waliohama wamezoea kuambiwa kwamba wamepoteza vyote. Historia hii inaonyesha kuna kitu walichokimbia nacho.

Kabla ya pamba

Babu zetu walivaa kile walichokipata katika nchi yao. Watu wa misitu, kama Walega, walipiga maganda ya miti mpaka yakalainika. Huko Kasai, Wakuba walifuma rafia: wanaume walifuma, wanawake wakatia mapambo kwa sindano. Katika milima ya Kivu, penye ng'ombe na mbuzi, watu walivaa ngozi. Mtoto mchanga hakuwa na viatu. Alikaa mgongoni mwa mama, na joto la mama ndilo lililompasha miguu.

Nguo iliyokuwa pesa

Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara ilitoka pwani ya Zanzibar, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikafika Maniema, mpaka Nyangwe na Kasongo. Wapagazi walibeba majora ya kitambaa cha pamba kilichofumwa Massachusetts, huko Marekani. Ndiyo sababu kiliitwa merikani. Pamoja nacho kulikuwa na kaniki, kitambaa cha rangi ya buluu nzito.

Nguo ilikuwa pesa. Ilipimwa kwa mkono: mikono minne ni shuka moja, shuka mbili ni doti moja. Kwa doti watu walinunua chakula, walilipa ruhusa ya kupita katika nchi ya chifu, walinunua pembe za ndovu. Wanadamu pia waliuzwa. Mwezi wa Julai 1871, watu wenye bunduki wa wafanyabiashara hao walishambulia soko la Nyangwe. Mamia ya watu walikufa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. David Livingstone alikuwepo, akaandika aliyoyaona. Kitambaa cha pamba kilitufikia kwa njia hiyohiyo, na lugha hii ya Kiswahili tunayosema ilipita humohumo.

Pamba ya lazima

Chini ya Wabelgiji, tangu mwaka wa 1917, wanakijiji walianza kulazimishwa kulima pamba. Kampuni ya Cotonco iliundwa mwaka wa 1920. Kila kampuni ilipewa eneo lake, na mkulima hakuwa na ruhusa ya kutafuta mnunuzi mwingine wala ya kubishana juu ya bei. Mwaka wa 1933 sheria iliweka siku 60 za kazi ya lazima kwa mwaka. Mwaka wa 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, zikafikishwa 120. Wanawake walipalilia na kuvuna pamoja na waume zao. Sehemu kubwa ya pamba hiyo ilipelekwa Ulaya. Nyingine ilifumwa katika viwanda vya Léopoldville na Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Jamaa iliyolima pamba ililazimika kwenda dukani kununua kikwembe.

Darasa la sindano

Kushona nguo za mtoto kwa mtindo tunaoujua leo kulienea kupitia masista wa misheni na vituo vya wanawake vilivyoitwa foyers sociaux. Katika miaka ya 1940 na 1950 vituo hivyo vilikuwa katika miji ya Kongo, na hata Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Wanawake walifundishwa kushona, kufuma sweta, kupiga pasi, kupika na kumtunza mtoto mchanga.

Tuseme ukweli wote. Wakati wavulana walifundishwa Kifaransa na hesabu ili wawe makarani, wasichana wengi walipewa sindano. Mkoloni alitaka kutengeneza mke mwema wa karani. Hata mashini ya kushona, pale kwenye baraza la duka, mara nyingi ilikuwa ya fundi mwanaume. Lakini ujuzi ukishaingia mikononi, aliyeufundisha hawezi tena kuuamuru. Mama zetu waliutoa darasani, wakaufundisha kwa mabinti na majirani. Palipokosekana sufu, walikata mabaki ya kikwembe. Wengine waliugeuza kuwa kazi ya kulipia karo ya watoto.

Viwanda vikafa, mikono ikabaki

Wakati wa Mobutu, kikwembe kilikuwa vazi la heshima la mwanamke wa Zaire, na kiwanda cha Sotexki kule Kisangani kilitoa vitambaa vya nchi yenyewe. Kisha uchumi ukaporomoka. Uporaji wa Septemba 1991 na wa Januari 1993 ulivunja viwanda na maduka mengi. Nguo za mtumba na vitambaa kutoka nje vikajaza masoko.

Mwezi wa Julai 1994, katika siku chache, karibu watu milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda wakaingia Goma na vijiji vyake. Tangu hapo vita havijatuacha. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka tena. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025 kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa, na familia zikahama kwa mara nyingine.

Aliyelala chini Goma anajua ardhi hii: mawe meusi yenye makali, na usiku wenye baridi, kwa maana tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Huko Masisi na Lubero baridi ni kali zaidi. Ndiyo maana viatu hivi vina kazi.

Namna vinavyoshonwa

Weka mguu wa mtoto juu ya karatasi, chora, kisha ongeza upana wa kidole kimoja kuuzunguka. Kata vipande vitatu: cha chini, cha mbele na cha nyuma. Kila kipande kiwe na kitambaa laini kwa ndani, kama fulana kuukuu, na kizito kidogo kwa nje. Kwa mguu wa pili geuza karatasi. Shona kwa upande wa ndani, kisha pindua. Pitisha lastiki nyuma. Ikiacha alama mguuni, imekaza mno. Usitie vifungo wala shanga, mtoto anaweza kuvimeza. Kata nyuzi zote zinazoning'inia ndani, maana uzi ukizunguka kidole cha mtoto huzuia damu.

Viatu hivi ni vya kupasha joto. Mtoto asiyetembea hahitaji soli ngumu, na anayeanza kutembea asiachwe navyo juu ya mawe.

Merikani ilikwisha, Cotonco ilikwisha, viwanda vingi vimefungwa. Kilichobaki ni ujuzi uliopita kutoka kwa bibi kwenda kwa mama. Fundi mwenye mabaki ya vikwembe chini ya mashini yake asiyatupe, ayape jirani aliyehama. Na mama anayejua kushona akae na binti yake, na kijana wake pia, awaonyeshe. Sindano moja na uzi vinaingia katika fundo la kikwembe, hata siku ya kukimbia.