Mzongo si Msokoto

Kamati moja, sitaitaja, imeamua kwamba waya inayojipinda ina "msokoto wa ndani" na "msokoto wa nje". Kwa hiyo kanuni ya Mromania Călugăreanu, ya mwaka 1961, iliyopanuliwa na White 1969 na Fuller 1971, inasomeka hivi kwa Kiswahili chao: waya ikishikwa imara ncha zote mbili, jumla ya msokoto na msokoto haibadiliki. Mwanafunzi apige ramli.

Mimi ule wa ndani nauita msokoto, ule wa nje mzongo. Sokota ni kitenzi cha uzi, ukindu na tumbo. Tumbo likisokota halihami. Uzi ukisokotwa pajani hubaki umenyooka, ukajizungusha palepale. Zonga ni kitenzi cha kilemba, chatu na madeni: mwili mzima huzunguka ukipita. Sema huzaa msemo, chora mchoro. Zonga lina kosa gani? Na ukitaka kinyume, zongoa linaundika papo hapo, kama kunjua. Yuko bingwa anayetetea "mviringiko" badala ya mzongo. Kinachoviringika ni gurudumu, bwana.

Nilipoandika kupinga, nilijibiwa kwamba mzongo unanuka lahaja. Sokota nalo lilizaliwa kikao gani?

Anayebisha aende Roret, kule Bureti, amtazame fundi wa ua akilaza waya kando ya chai. Akiacha roli ya waya imelala na kuvuta ncha tu, kila duara linalotoka huingia ndani ya waya iliyonyooka likiwa msokoto mmoja mzima. Mzongo umelipa, msokoto umepokea. Akilegeza, waya huruka yenyewe ikafanya tanzi, maana kujipinda sasa kunaigharimu nishati kidogo kuliko kuubeba msokoto wote ule. Akivuta tena kwa hasira, tanzi hubana mpaka chuma kinajikunja kona isiyonyooka tena, na mara nyingi hukatikia hapohapo. Hilo ni tanzi, si fundo kama walivyoliandika wanakamati wale wale: waya iliyoshikwa ncha mbili huwezi kuipiga fundo bila kuachia moja.

Matumizi, kwa kifupi: sema mzongo wa waya, mzongo wa DNA ya bakteria, ambayo kwa kawaida ni duara na hufuata hesabu hiyohiyo, na fundi aiviringishe roli, asiivute.