Hati Juu ya Mahame: Kuuza Ardhi ya Mwambao wa Kenya

Matangazo ya madalali wa ardhi, kuanzia Msambweni hadi Lamu, hufanana: mahali patulivu, mbali na barabara kuu, bahari unaiona ukiwa barazani, na jirani kuna magofu ya kale. Mara nyingi yote hayo ni kweli. Kisichotajwa ni jinsi utulivu huo ulivyopatikana, na mnunuzi ana haki ya kulijua hilo kabla hajatia sahihi.

Karne ya 14 hapakuwa patulivu. Jumba la Mtwana karibu na Mtwapa, Mnarani juu ya mlango wa bahari wa Kilifi, na Gedi ndani ya msitu karibu na Watamu ilikuwa miji ya watu waliojenga kwa mawe ya matumbawe, wakachimba visima kando ya misikiti na kuwazika wakubwa wao katika makaburi ya nguzo. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuichimbua Gedi mwaka 1948, ardhini zilitoka kauri za China. Wajenzi hao walivutwa na mambo yale yale anayoyasifu dalali leo: upepo, maji matamu na mahali pa kutia nanga.

Gedi ilihamwa katika karne ya 17. Takwa, kisiwani Manda, ikahamwa karne hiyo hiyo, na masimulizi yanasema watu wake walivuka wakakaa Shela. Watu wa Shela hawakuitupa: wameendelea kwenda Takwa kuomba mvua kwenye kaburi la nguzo lenye tarehe ya 1681-82. Mahame yana wenyewe, hata paa likianguka. Ndivyo ilivyo kwa makaya ya Mijikenda pia, misitu ambamo vijiji vyenye ngome vilikuwapo na ambako wazee bado wanafanya matambiko.

Lililobadilisha kila kitu ni karatasi. Mwaka 1895 Waingereza walianza kuutawala ukanda wa mwambao wa maili kumi kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, wakimlipa kodi ya kila mwaka. Kisha ikaja Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908. Kila aliyejiona mwenye ardhi katika ukanda huo alitakiwa apeleke dai lake kwa afisa wa kurekodi hati, athibitishe mipaka na alete mashahidi. Aliyekubaliwa alipewa hati; ardhi ambayo haikudaiwa ikawa mali ya Taji la Uingereza. Mijikenda waliimiliki ardhi kiukoo, na wengi wao hawakuwasilisha dai lolote. Walioachwa huru utumwa ulipofutwa mwaka 1907 walikuwa wakilima mashamba ya mabwana wa zamani bila maandishi. Walionufaika zaidi ni Waarabu wenye mashamba, Waswahili wa mijini na wafanyabiashara wa Kihindi. Huko Takaungu ukoo wa Mazrui ulitambuliwa kuwa na maelfu ya ekari. Familia zilizokuwa zikilima na kuzika wafu wao mahali hapo zikageuka maskwota bila kuhama hata hatua moja.

Uhuru haukuifuta hesabu hiyo. Oktoba 1963, Sultani alipokubali kuuachia mwambao uwe sehemu ya Kenya, serikali ya Kenyatta iliahidi kwa maandishi kwamba hati zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa. Naamini hapo ndipo dhuluma ya 1908 ilipopata ulinzi wa dola huru. Halafu ukaja utalii: hoteli, nyumba za Waitaliano Malindi, majumba ya mawe ya Shela yakinunuliwa na Wazungu. Ufuo ambao mashamba yake ya minazi hayakuwa na thamani kubwa ukawa dhahabu, na mwenye hati, hata kama hajawahi kulala hapo usiku mmoja, akauza.

Leo Katiba ya 2010 inamzuia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodisha kwa muda usiozidi miaka 99. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inamkataza mwenye hati kuharibu magofu yaliyotangazwa kuwa turathi, hata yakiwa ndani ya ua wake. Makaya yaliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, Gedi mwaka 2024. Wakili akipekua daftari la msajili atakutana na majina ya wauzaji na wanunuzi. Majina ya waliopanda miembe ile mikubwa hayamo; hayo huulizwa kwa wazee wa kijiji, na wengi wao wako tayari kuyataja.