Bei ya Kunyoosha Meno
Mwaka 1900, Edward Angle alifungua mjini St. Louis, Marekani, shule ya kufundisha unyooshaji wa meno peke yake, na kazi hiyo ikaanza kujitenga na tiba ya kawaida ya meno. Wapo wanaodai kuwa ughali wake ulitokana na dhahabu ya nyaya. Hoja hiyo haisimami: chuma kisichoshika kutu kilichukua nafasi ya dhahabu, na huduma ikabaki ghali. Kinachouzwa hasa ni muda wa mtaalamu, maana mgonjwa hurudi mara kwa mara, pengine kwa miaka miwili. Ndiyo maana gundi ya kubandika vibanio kwenye jino, iliyoenea miaka ya 1970, ilibadili hesabu za kliniki: iliondoa kazi ndefu ya kuvisha karibu kila jino pete yake. Anayetaka kushusha bei aanze na saa za mtaalamu, si na waya.