Nauli ya Lualaba: Fedha za Wageni Katika Vyombo vya Mto Wetu

Kila mji ulio kando ya maji una gati lake, na kila gati lina swali moja ambalo msafiri hawezi kulikwepa: Utalipa kwa fedha gani? Sisi watu wa Kindu swali hili twalijua sana. Mto wetu Lualaba umebeba watu wa mataifa mengi, na kila watu walikuja na fedha zao. Kwanza zilikuja kauri, kisha reali, kisha faranga, kisha zaire, na siku hizi dola ya Marekani. Watoto wetu wakiuliza kwa nini mama hulipa nauli kwa noti yenye sura ya mtu wa Marekani, yafaa tuwe na jibu. Basi, ndugu wasomaji, tuitazame habari hii tangu mwanzo wake, tuone ni nani aliyefaidika na ni nani aliyepata hasara.

Kauri na mitumbwi ya Nyangwe

Kabla ya kuja meli za moshi, vyombo vya mto huu vilikuwa mikononi mwa Wagenia. Wao ndio waliokuwa na mitumbwi, wao ndio waliojua mikondo na mawe ya mto. Juu ya Kindu, kwa upande wa kusini, palikuwa na soko kubwa la Nyangwe, kituo cha Waarabu na Wangwana waliotoka pwani. Sokoni watu walibadilishana samaki, mafuta ya mawese na vyungu. Walitumia pia viramba, yaani nguo za nyuzi za mnazi wa porini, na kauri, ambazo wengine huziita simbi. Kauri hazikuwa mali ya nchi hii. Zilitoka Bahari ya Hindi, zikachukuliwa mabegani mwa wapagazi miezi mingi.

Mwaka 1871 Daktari Livingstone alifika Nyangwe, akataka mitumbwi ili aufuate mto. Alikaa miezi mingi asiipate. Mwezi wa Julai aliona kwa macho yake mauaji ya watu sokoni, akarudi Ujiji kwa huzuni. Mwaka 1874 akaja Mwingereza mwingine, Cameron, naye akataka mitumbwi. Wenye mitumbwi wakamjibu kwamba wataiuza kwa watumwa tu, naye hakukubali kulipa kwa watu. Cameron anasimulia habari ya mzee mmoja aliyezikataa kauri zake kwa sababu nyepesi kueleweka: akizipeleka nyumbani, wake zake watazifanya mapambo, naye atabaki hana mtumbwi wala mali.

Wengine walicheka wakisoma habari hii, wakidhani yule mzee hakujua biashara. Kumbe aliijua vizuri. Fedha ina thamani pale tu inapoweza kununua kitu. Kauri nyingi mahali pasipo na bidhaa ya kununua ni mzigo tu. Ubaya haukuwa katika kuzikataa kauri. Ubaya ulikuwa katika ile fedha nyingine, maana nchi iliyofikia hatua ya kuhesabu bei ya mtumbwi kwa roho za watu ilikuwa imeharibika tayari kwa vita vya kukamata watumwa.

Reali za Unguja

Mwaka 1876 akaja Stanley. Yeye alipatana na Tippu Tip, mfanyabiashara mkuu wa Maniema, amsindikize kwa siku kadha wa kadha za safari kuufuata mto. Bei haikutajwa kwa kauri wala kwa viramba. Ilitajwa kwa reali, ile fedha nzito yenye sura ya Maria Theresia, malkia wa Austria, iliyoandikwa mwaka 1780 hata ikiwa imepigwa miaka mia baadaye. Katika kitabu chake Stanley anataja reali 5,000. Tippu Tip naye, katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili, anataja 7,000, tena analalamika kwamba ahadi alizopewa hazikutimizwa.

Sisi hatuwezi kukata shauri lao leo. Lakini tunaona neno moja. Reali hizo hazikuwako Nyangwe. Zilikuwa Unguja, mbali sana, na malipo makubwa namna hii yalikwenda kwa hati. Aliyefanya kazi alikuwa hapa, lakini fedha ilikuwa kule. Kazi ikifanyika mahali pamoja na malipo yakahesabiwa mahali pengine, ugomvi haukosi.

Faranga na meli za moshi

Mwaka 1887 Dola Huru ya Kongo, ile ya Mfalme Leopold, ilitoa faranga yake ya kwanza, pamoja na senti za shaba zenye tundu katikati. Lakini huku kwetu faranga ilichelewa. Katika miaka ya 1892 hadi 1894 vilipiganwa vita kati ya watu wa Dola na Waarabu, na Nyangwe na Kasongo zikatekwa mwaka 1893. Baada ya hapo watu wengi walilazimishwa kutoa mpira na kazi, si fedha. Ubelgiji ulipoitwaa nchi mwaka 1908, kodi ya fedha ikaja, na kila mtu mzima akalazimika kuitafuta faranga, apende asipende.

Wakati huo huo reli ilikuwa inajengwa. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa herufi C.F.L., iliundwa mwaka 1902. Reli ya Stanleyville mpaka Ponthierville, ambayo leo ni Kisangani na Ubundu, ilimalizika mwaka 1906. Reli ya Kindu mpaka Kongolo ikafuata, kazi yake ikimalizika mwishoni mwa 1910. Reli ya Kabalo mpaka ziwa Tanganyika ilimalizika mwaka 1915. Kati ya Ponthierville na Kindu mto ulipitika, na meli za C.F.L. zikachukua abiria na mizigo, zikichoma kuni zilizokatwa kando ya mto. Hata mji wetu ukapewa jina la Kindu-Port-Empain, kwa heshima ya Baron Empain, tajiri wa kampuni ile.

Hapo nauli ikawa na bei moja na fedha moja. Ilikuwa neema kwa upande mmoja, maana mtu alijua atalipa nini. Kwa upande mwingine, Mgenia mwenye mtumbwi, aliyekuwa akitaja bei yake mwenyewe tangu zamani za mababu, sasa hakuitaja tena.

Shilingi ya Kigoma

Njia hii ya reli na meli ilituunganisha na bahari. Mtu aliweza kutoka Dar es Salaam kwa treni mpaka Kigoma, akavuka ziwa mpaka Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, akashika reli na kufika Kindu, kisha akapanda meli kwenda Ponthierville. Safari moja, lakini fedha mbili. Ng'ambo ya ziwa walitumia shilingi ya Waingereza, na huku tulitumia faranga.

Tufanye hesabu kidogo. Katika mapatano ya mwaka 1941 pauni moja ya Kiingereza ilihesabiwa kuwa faranga 176 na zaidi. Pauni ilikuwa shilingi 20, basi shilingi moja ilikuwa karibu faranga 8 na senti 83. Mwezi wa Septemba 1949 Uingereza uliishusha pauni yake sana, na Ubelgiji uliishusha faranga yake kidogo. Pauni ikawa faranga 140, na shilingi moja faranga 7. Mfanyabiashara aliyeweka akiba ya shilingi 100 Kigoma, jana alikuwa na faranga 883 za kulipia safari na chakula chake. Leo ana 700. Hakuibiwa, hakupoteza, hakunywa pombe. Watu wa London na Brussels wamekata shauri, naye amepungukiwa na faranga 183 kabla hajaweka mguu chomboni.

Mambo hugeuka. Baada ya uhuru wa 1960 faranga yetu ilianguka mara kwa mara. Dola moja iliyokuwa faranga 50 mwaka 1960 ilikuwa faranga 500 ilipofika Juni 1967, na shilingi moja ikawa faranga 70 hivi. Sasa mwenye shilingi ndiye aliyecheka, na mwenye faranga ndiye aliyeshika tama.

Zaire yazaliwa, zaire yafa

Mwezi huo wa Juni 1967 serikali ilitoa fedha mpya, zaire. Zaire moja ilikuwa faranga 1,000, na ilinunua dola 2. Watu walijivuna, na haikuwa ajabu. Lakini fedha huishi kwa uaminifu, na uaminifu ulikwisha upesi. Mwishoni mwa Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa, na watu wakapewa siku chache tu kuzibadili, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Fikirini mtu aliyekuwa mtoni siku zile, au katika kijiji kisicho na benki. Alipanda chombo akiwa na mali, akashuka akiwa na karatasi.

Mwezi wa Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa zaire za zamani milioni 3. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Anayependa hesabu azidishe: faranga moja ya 1998 ni sawa na zaire bilioni 300 za Mobutu. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo vita vikaanza tena, na Oktoba Kindu ikaingia mikononi mwa waasi wa R.C.D. Serikali ya Kinshasa ilipiga marufuku fedha za kigeni Januari 1999, ikaziruhusu tena mwaka 2001. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuchagua. Aliyetaka kuweka akiba aliweka dola.

Dola katika mashua

Kwa hiyo dola haikuletwa gatini na Wamarekani. Tuliileta wenyewe, kwa kuchoka kuona jasho letu likiyeyuka. Mwenye mashua ya injini anayanunua mafuta na vipuri kwa dola, naye anataka nauli ya dola au ya faranga kwa bei ya dola. Hatuwezi kumlaumu kwa hilo. Lakini mwalimu, muuguzi na muuza mihogo wanapata faranga. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa faranga 920 hivi. Mwisho wa 2017 ilikaribia 1,600, na mwaka 2024 ikapita 2,800. Tuseme nauli ni dola 20, na haikuongezwa hata senti moja. Mwenye faranga alilipa 18,400 mwaka 2015, na mwaka 2024 akalipa zaidi ya 56,000. Mwenye mashua atasema bei ni ile ile. Abiria atasema bei imekuwa mara tatu. Wote wawili wanasema kweli.

Tena kuna noti. Noti ya dola iliyochanika kidogo pembeni, ambayo Marekani kwenyewe hupokewa bila neno, hapa hukataliwa au hupunguzwa thamani. Na mara nyingi mwenye noti ile ni maskini, maana wengine wamekwisha kuikataa, ikashuka mkono kwa mkono hadi kwake.

Tusidhani shida hii ni ya Kindu tu. Katika meli kubwa za anasa zinazozunguka bahari za ulaya na Karibi, abiria hashiki fedha mkononi. Kila anachokula na kunywa huandikwa katika hesabu yake, kwa fedha ya meli, mara nyingi dola, na siku ya mwisho hupewa ankara. Kama kadi yake ya benki ni ya fedha nyingine, benki hubadili, na mara nyingi huongeza ada. Pengine meli humwambia: Twaweza kukutoza kwa fedha ya kwenu. Maneno matamu, lakini hapo meli ndiyo inayopanga kima cha kubadilisha, na kwa kawaida abiria hulipa zaidi. Tajiri wa bahari na muuza mihogo wa Lualaba hawafanani kwa mali, lakini chomboni wote wawili wako mikononi mwa mwenye chombo.

Haki ukingoni

Jambo hili ni la zamani kama Hekalu la Yeruzalemu. Wayahudi waliotoka nchi mbalimbali walipaswa kutoa kodi ya Hekalu kwa fedha ya mji wa Tiro, na wavunja fedha walikaa uani wakiwabadilia kwa faida. Kubadili fedha ni kazi halali na yenye kufaa. Lakini Injili inatueleza jinsi Bwana wetu alivyozipindua meza zao. Nayo Sheria ya kale ilikwisha kuamuru mizani ya haki na vipimo vya haki. Kima cha kubadilisha fedha ni mizani kama mizani ya samaki. Anayekificha amekipindisha.

Kwa hiyo tunasema neno moja tu kwa wenye vyombo wa Kindu, wengi wao wakiwa ndugu zetu wakristo na waislamu wenye kumcha Mungu. Bei na fedha yake vitajwe ukingoni, si katikati ya mto. Kima cha dola cha siku hiyo kiandikwe ubaoni, mahali abiria wanapokiona kabla mizigo haijapakiwa. Noti isiyotakiwa ikataliwe gatini, wakati mtu bado anaweza kugeuka, wala si baada ya siku mbili za maji. Na chakula au godoro linalokodishwa ndani ya chombo lihesabiwe kwa kima kile kile cha ubaoni.

Na sisi abiria tujifunze kuuliza. Baba na mama wanaompeleka mtoto shuleni Kisangani wafanye hesabu nyumbani, kwa faranga na kwa dola, na mtoto mwenyewe aifanye pamoja nao. Yule mzee wa zamani aliyezikataa kauri za Cameron hakuwa amesoma, lakini alifikiri ukingoni, kabla ya kuutoa mtumbwi wake. Fedha za wageni zimekuja na kwenda, na dola nayo siku yake itafika. Mto utabaki, na majirani watabaki, na kila mtu atakumbuka ni nani aliyempimia kwa haki.