Fundi wa Camptonville na kikombe kilichogawa maji

Tarehe 26 Oktoba 1880 fundi seremala mmoja wa California, Lester Allan Pelton, alipewa hataza namba 233,692 ya Marekani kwa gurudumu lake la maji lenye vikombe. Kila mwaka tarehe hiyo inapita hapa Tanzania bila mtu kuishtukia, ingawa mitambo ya umeme ya Kihansi haiwezi kuzunguka bila vikombe vya fundi huyo. Wanafunzi wetu wa ufundi humkuta kwenye swali la mtihani tu: tafuta kani ya maji ya kasi yanapogonga bapa lililopinda. Wanakokotoa, wanapata maksi, mchezo umekwisha.

Kumbe fomula hiyo ya mstari mmoja iliwasumbua watu zaidi ya karne. Katika miaka ya 1730, Daniel Bernoulli, aliyefanya kazi St. Petersburg, alionyesha kwamba maji yanayogonga bapa nyoofu hulisukuma kwa nguvu mara mbili ya ile iliyoaminiwa na wengi. Mwaka 1759 Mwingereza John Smeaton alichapisha vipimo vyake vya magurudumu ya maji. Mwaka 1767 Mfaransa Borda akaweka sharti zito: maji yaingie kwenye gurudumu bila kishindo, na yakitoka yasibaki na kasi. Mfaransa mwenzake, Poncelet, akalitimiza kwa kiasi katika miaka ya 1820 kwa kupinda mapanga ya gurudumu.

Anayetaka kuona kwa macho faida ya kupinda bapa aende kwenye maabara yenye kile kifaa cha mezani: nozeli chini, bapa juu yake, na mkono wa mizani wa kuwekea mawe. Fungua maji. Yakigonga bapa nyoofu yanatawanyika pembeni, na unaweka mawe mpaka mkono utulie. Badilisha, weka kikombe cha nusu duara, maji yaleyale. Yanaingia, yanazunguka ukuta wa kikombe, yanarudi chini yalikotoka, na sasa mkono hautulii mpaka uweke karibu mara mbili ya yale mawe. Chukua maji kilo 20 kila sekunde, yaendayo mita 20 kwa sekunde: bapa husukumwa kwa nyutoni 400, kikombe 800. Kuyasimamisha maji ni kazi moja, kuyarudisha nyuma ni kazi ya pili, na zote mbili hulipwa na kikombe. Kikombe chenyewe kikikimbia kwa nusu ya kasi ya maji, maji huishiwa mwendo na kudondoka tu. Hapo ndipo sharti la Borda linapotimia. Ni aibu kwamba vyuo vingine vina kifaa hiki kimefunikwa turubai, huku mwanafunzi akichorewa ubaoni.

Pelton hakuwa na maabara. Alifika California mwaka 1850 kufuata dhahabu, hakuipata, akaishia kujenga na kutengeneza magurudumu ya migodini huko Camptonville. Migodi ilikuwa na maji yanayoshuka kwa mabomba kutoka milimani, lakini magurudumu yake mengi yalikuwa na mapanga bapa, na nguvu nyingi ilipotea kwa kurusha maji huku na huku.

Hapa ndipo anapoingia ng'ombe. Wenyeji wanasimulia kwamba Pelton alikuwa akimfukuza ng'ombe uani kwa mpira wa maji. Maji yakampiga sawasawa puani, yakagawanyika, yakatokea pande mbili, na kichwa cha mnyama kikasukumwa nyuma kwa nguvu ambayo fundi hakuitarajia. Akaenda kutengeneza kikombe chenye ukingo mkali katikati. Simulizi ya pili haina mnyama: gurudumu mgodini lililegea kwenye ekseli na kuhama kidogo, maji yakawa yanagonga ukingo wa vikombe badala ya katikati, na badala ya kupungua, kasi ikaongezeka. Mimi nakubali zaidi hiyo ya pili, kwa kuwa fundi wa magurudumu hutazama magurudumu kutwa nzima. Lakini ng'ombe ndiye anayependwa, na hang'oki.

Ugomvi mkubwa zaidi ni wa nani alitangulia. Profesa William Durand wa Stanford, ambaye maandishi yake ya mwaka 1939 ndiyo ninayoyafuata hapa, anashughulikia kwa kirefu yaliyotokea kabla ya hataza ya 1880. Jearum Atkins alikuwa ameomba hataza ya gurudumu la vikombe vilivyopinda tangu 1853, akaipata mwaka 1875. Huko Sutter Creek, Samuel Knight alikuwa akiuza magurudumu yake mwenyewe. Hoja ya kurudisha maji nyuma, basi, haikuwa mali ya Pelton peke yake. Alichokuwa nacho ni ule ukingo wa katikati, na subira ya kujaribu umbo baada ya umbo kwenye karakana.

Mzozo uliamuliwa kwa mizani. Mwaka 1883 Mgodi wa Idaho, huko Grass Valley, uliita watengenezaji walete magurudumu yapimwe. La Pelton lilitoa ufanisi wa asilimia 90.2. Lililofuata lilipata 76.5. Mwaka 1888 ikaundwa kampuni yenye jina lake mjini San Francisco. Pelton alifariki mwaka 1908. Mtu mwingine, William Doble, alikuja kukata pengo kwenye mdomo wa kikombe ili maji yasikigonge kabla ya wakati, na umbo hilo ndilo lililobaki.

Yaliyofuata ni ukubwa tu. Uswisi ilizindua Bieudron mwaka 1998, yenye turbaini za Pelton zinazozidi megawati 400 kila moja. Kwetu, Kihansi ilianza kuzalisha mwishoni mwa miaka ya 1990: mitambo mitatu ya megawati 60, maji yakishuka kama mita 850 kutoka ukingo wa Udzungwa na kutoka kwenye nozeli kwa zaidi ya kilomita 450 kwa saa. Kihansi hutajwa zaidi kwa sababu ya vyura wake. Kamera ziko kwenye Bwawa la Julius Nyerere, ambako hakuna kikombe hata kimoja: turbaini zake tisa za megawati 235 ni za aina ya Francis, kwa kuwa mto wake, Rufiji, una maji mengi na kimo kifupi.