Dexter: Muuaji Tuliyefundishwa Kumtetea

Mbu anatua mkononi mwa mtu aliyelala. Mtu anamponda, anaamka. Ananyoa ndevu, tone la damu linadondoka kwenye sinki. Anakata nyama, anakaanga yai, anasaga kahawa, anakamua chungwa lenye nyama nyekundu, anapitisha uzi katikati ya meno, anakaza kamba za viatu, anavaa fulana. Kisha anafunga mlango na kwenda kazini. Katika picha hizo hakuna kosa hata moja la jinai, lakini mtazamaji anasisimkwa mwili, maana kamera imesogea karibu mno na kila linalofanywa na mikono ile. Utangulizi huo wa tamthilia ya Dexter, uliotengenezwa na kampuni ya Digital Kitchen kwa muziki wa Rolfe Kent, ulipata tuzo ya Emmy mwaka 2007. Ulistahili. Ndani ya dakika mbili hivi, bila mtu kutamka neno, hadithi yote imekwisha kusimuliwa: muuaji anaishi asubuhi ile ile unayoishi wewe.

Sehemu ya kwanza ilirushwa na Showtime, kituo cha kulipia cha Marekani, tarehe 1 Oktoba 2006. Dexter Morgan ni mtaalamu wa maabara katika polisi ya Miami, jimbo la Florida. Kazi yake ni kusoma damu iliyoruka ukutani na sakafuni, kisha kuwaeleza wapelelezi mpigaji alisimama wapi, silaha ilishikwa kwa mkono upi, pigo lilishuka mara ngapi. Ofisini anapeleka donati, na wenzake wanampenda. Usiku huwateka watu walioua na kuiponyoka sheria, akawafunga mezani kwa plastiki, akawaua, akabakisha tone moja la damu ya kila mmoja katikati ya vipande viwili vya kioo. Vioo hivyo huvificha ndani ya kiyoyozi cha nyumbani kwake. Miili huitumbukiza baharini, vipande vipande ndani ya mifuko, kutoka kwenye boti yake. Debra, dada yake wa kulelewa pamoja, ni polisi katika kikosi hicho hicho. Mpenzi wake Rita ana watoto wawili wanaomwona Dexter kama baba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Humu kimevaa kitambulisho cha polisi.

Wazo la mtu mmoja mwenye maisha mawili halikuzaliwa Miami. Huko Edinburgh, Scotland, katika karne ya 18, aliishi William Brodie, fundi seremala mwenye heshima zake, kiongozi wa chama cha mafundi na mjumbe wa baraza la mji. Matajiri walimwita majumbani mwao kutengeneza makabati na kufuli, naye akanakili funguo zao na kurudi usiku kuwaibia. Alinyongwa tarehe 1 Oktoba 1788. Kabati alilolitengeneza Brodie lilikuwa katika nyumba alimokulia mwandishi Robert Louis Stevenson, na mtoto yule alikua akikijua kisa cha fundi wake. Stevenson aliandika kwanza tamthilia ya jukwaani juu ya Brodie akishirikiana na mwenzake, kisha mwaka 1886 akatoa riwaya fupi ya Daktari Jekyll na Bwana Hyde, ambayo imekuwa mama wa hadithi zote za namna hii. Tofauti moja ni muhimu. Stevenson hakumwomba msomaji ampende Hyde. Jekyll analipa deni lake lote ndani ya kurasa zile zile.

Jeff Lindsay, mzaliwa wa Miami, aliligeuza jambo hilo juu chini. Ameeleza kwamba wazo lilimjia alipoalikwa kuzungumza katika mlo wa mchana wa chama cha wafanyabiashara huko Florida. Alipowatazama waliokuwa mezani, likampitia wazo kwamba huenda kuna wakati ambapo muuaji wa namna hii si jambo baya. Kutokana na wazo hilo ikazaliwa riwaya ya Darkly Dreaming Dexter, iliyotoka mwaka 2004. Mwandishi James Manos Jr., aliyekuwa amepata Emmy kwa kazi yake katika The Sopranos, ndiye aliyeigeuza riwaya kuwa tamthilia, na Clyde Phillips akaisimamia kwa misimu minne ya mwanzo. Nafasi ya Dexter alipewa Michael C. Hall, ambaye watazamaji walikuwa wamemzoea kama David Fisher, mzishi mpole wa Six Feet Under. Yule aliyeosha maiti kwa adabu sasa alikuwa anazitengeneza. Sidhani kama mwigizaji mwingine angeweza kuibeba sauti ile ya ndani, inayomsemesha mtazamaji kwa utulivu, inayomfanya kila anayetazama kuwa mtunza siri. Miami yenyewe, kwa sehemu kubwa, ilipigwa picha upande wa pili wa nchi, Long Beach na Los Angeles.

Moyo wa hadithi ni kile kinachoitwa Kanuni ya Harry. Harry Morgan, polisi, alimkuta Dexter akiwa na umri wa miaka mitatu ndani ya kontena la bandarini, amekaa katika damu ya mama yake aliyeuawa kwa msumeno wa mashine mbele ya macho yake. Harry akamchukua, akamlea, akagundua kwamba mtoto anaua wanyama, akaamua kwamba kiu ile haitatibika. Badala ya kumtafutia msaada, alimpa mafunzo: usiue asiye na hatia, hakikisha kwanza, usikamatwe kamwe. Na hapa naomba msomaji asimame kidogo. Kanuni inayotajwa ya kwanza katika tamthilia yenyewe ni kutokamatwa. Haki inakuja nyuma. Baba yule hakumjengea mwanawe dhamiri, alimjengea maficho, na sisi tuliokaa sebuleni tukayaita maadili.

Kwa nini tulikubali kirahisi hivyo? Kwa sababu karibu kila aliyelazwa kwenye meza ya Dexter tulikwisha kuonyeshwa uovu wake. Mwandishi wa skripti huweza kutupa uhakika ambao hakimu hana. Wasomaji wa magazeti yetu ya Afrika Mashariki wanajua kishawishi hicho kwa jina lake la hapa kwetu, maana tumesoma mara ngapi kwamba mtuhumiwa ameuawa na wananchi wenye hasira kali? Na mara ngapi imekuja kujulikana baadaye kwamba mtu hakuwa yeye? Barabarani hakuna skripti.

Watunzi wenyewe walilijua tatizo hilo, na msimu wa pili, wa mwaka 2007, waliligusa kwa ujasiri kuliko wakati wowote. Wapiga mbizi wanaikuta mifuko chini ya bahari. Jiji linaanza kumsaka muuaji bila kujua kwamba yuko maabara. Sajini James Doakes, aliyeigizwa na Erik King, ndiye peke yake aliyemshuku Dexter tangu siku ya kwanza. Anamfuatilia mpaka anavipata vile vioo vya damu. Doakes ana ukali wake, lakini katika jambo hili hana hatia yoyote, na kwa Kanuni ya Harry haruhusiwi kuuawa. Dexter anamfungia ndani ya kizimba katika kibanda cha porini. Sasa atafanya nini? Swali hilo lingeweza kuifanya tamthilia hii kuwa kazi kubwa kabisa ya zama zake. Jibu likawa kwamba mwanamke mwingine, Lila, anakuja kukilipua kibanda. Doakes anakufa, Dexter hakumgusa, na mzigo wa miili yote iliyotolewa baharini unatwishwa marehemu. Afisa aliyekuwa anasema kweli anazikwa kwa jina la muuaji.

Ninakaa hapo kwa Doakes kwa sababu ndipo ninapoona ramani ya yote yaliyofuata. Kila mtu asiye na hatia alipoikaribia kweli, ulitokea mkono mwingine wa kumwondoa. Mwishoni mwa msimu wa saba, Desemba 2012, Kapteni Maria LaGuerta, aliyekuwa anataka kulisafisha jina la Doakes, anapigwa risasi ndani ya kontena. Aliyefyatua ni Debra, kwa kumwokoa kaka yake. Mikono ya Dexter ikabaki safi machoni petu, na gharama wakailipa wanawake na watu waliomwamini.

Nje ya skrini nako kulikuwa na mambo. Mgomo wa waandishi wa skripti wa Hollywood, ulioanza Novemba 2007, ulivikausha vituo vikubwa, na CBS ikaamua kuirusha Dexter kwenye televisheni ya wote kuanzia Februari 2008, ikiwa imepunguzwa damu na matusi. Chama cha wazazi kiitwacho Parents Television Council kilipinga vikali. Hoja yao haikuwa damu peke yake. Walisema mtazamaji anafanywa ashangilie upande wa muuaji, na kwa hilo walikuwa wameisoma tamthilia vizuri kuliko wahakiki wengi walioisifu. Oktoba mwaka huo huo, mjini Edmonton, Kanada, mtengeneza filamu aliyeipenda mno Dexter alimvuta mtu asiyemjua kupitia mtandao wa kutafuta wachumba hadi kwenye gereji ya kukodi, akamuua. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2011. Tamthilia haikumtia mtu yule kiu ya kuua, na ni dhuluma kuwasingizia walioitengeneza. Lakini aliyeuawa hakuwa amemkosea mtu. Hivyo ndivyo inavyokuwa kanuni hiyo ikiondolewa mikononi mwa watunzi.

Tena Marekani ilikuwa imekwisha kumwona mtu halisi wa maisha mawili. Tarehe 25 Februari 2005, polisi wa Wichita, jimbo la Kansas, walimkamata Dennis Rader, baba wa watoto wawili, mlezi wa vijana wa skauti na mwenyekiti wa baraza la kanisa lake la Kilutheri. Alikuwa ameua watu kumi kati ya mwaka 1974 na 1991, wakiwemo watoto. Alinaswa kwa sababu aliwatumia polisi diski ya kompyuta, na ndani yake zilibaki alama zilizoelekeza kanisani kwake. Hakuwa na Kanuni. Hakuwasaka waovu. Aliwaua watu wasio na kosa lolote.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletwa kwenye msimu wa nne, mwaka 2009, na ndiyo sababu msimu huo haujapata mpinzani. John Lithgow aliigiza Arthur Mitchell, shemasi, mwalimu, mjenzi wa nyumba za maskini, baba wa familia. Dexter anamfuata badala ya kumuua mapema, kwa sababu anataka kujifunza jinsi muuaji anavyoweza kuwa na mke na watoto. Anachokikuta ni nyumba iliyojaa hofu, watoto wanaotetemeka wakisikia hatua za baba. Kwa mara ya kwanza Dexter anaonyeshwa kioo, na gharama ya kuchelewa kwake inalipwa nyumbani: katika sehemu ya mwisho, iliyorushwa tarehe 13 Desemba 2009, anamkuta Rita ameuawa ndani ya beseni la kuogea, na mtoto wao mchanga, Harrison, amekaa sakafuni katika damu ya mama yake, kama baba yake alivyokaa. Hakuna sehemu nyingine ya tamthilia hii inayosema kweli kiasi hicho. Mwezi uliofuata, Lithgow na Hall walishinda Golden Globe. Hall alipanda jukwaani akiwa amevaa kofia ya kufuma, kwa kuwa siku chache kabla ilikuwa imetangazwa kwamba anatibiwa saratani ya mfumo wa limfu. Alipona na kurudi kazini.

Phillips aliondoka baada ya hapo, na misimu minne iliyobaki inaweza kusimuliwa kwa ufupi: adui mpya kila mwaka, hatari mpya kila mwaka, na Dexter yule yule anayeponyoka. Tarehe 22 Septemba 2013, watu milioni 2.8 walikaa kutazama mwisho wa sehemu 96. Debra amepigwa risasi na hawezi tena kuamka. Dexter anauzima mtambo unaompumulisha, anauteremsha mwili wake baharini alikowatupa wauaji wote, na kuiingiza boti kwenye kimbunga. Kisha anaonekana Oregon, amefuga ndevu, mkata magogo. Hakukamatwa, hakukiri, hakufa. Hasira ya watazamaji ilikuwa kubwa, na mwisho ule ungali unatajwa kila panapozungumzwa tamthilia zilizoharibika mwishoni. Mimi naona hasira ile ilikuwa ya haki. Hesabu iliyokwepwa kwa Doakes ilikwepwa tena, mara hii mbele ya watu wote.

Miaka minane baadaye, Phillips na Hall walirudi kuilipa. Dexter: New Blood, ya sehemu kumi, ilianza Novemba 2021 katika mji wa kubuniwa wa Iron Lake, jimbo la New York, penye theluji badala ya jua. Ili kutoroka mahabusu, Dexter anamuua kwa mikono yake Sajini Logan, mtu mwema aliyekuwa anamfundisha Harrison mieleka. Hapana Lila wa kumfanyia kazi hiyo, hapana Debra. Harrison, sasa kijana, anamwambia baba yake kile ambacho tamthilia ilikikwepa kwa misimu minane, na tarehe 9 Januari 2022 anampiga risasi.

Waliofanya biashara hawakuridhika. Desemba 2024 ikatoka Original Sin, juu ya ujana wa Dexter, ikafutwa baada ya msimu mmoja. Julai 2025 ikaja Resurrection, ambamo risasi ya mwanawe haikumuua na Dexter yuko jijini New York akiendelea na kazi yake. Inavutia, imeigizwa vizuri, na ni kosa, kwa kuwa inaurudisha ule mkopo usiolipwa ambao Iron Lake ilikuwa imeshaufunga.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa atakayeianza leo ni huu: tazama misimu minne ya kwanza kwa makini, vuka moja kwa moja hadi New Blood, na uishie pale Harrison anapoondoka mjini. Na unapotazama msimu wa pili, msikilize Sajini Doakes. Hadi tamthilia ya awali inafungwa mwaka 2013, katika majalada ya polisi wa Miami, muuaji bado alikuwa ni yeye.