Mitazamo ya Wanahistoria katika Kuyasoma Mapinduzi ya Zanzibar

Historia ya taifa haisomwi kwa kukariri tarehe peke yake. Kila tukio kubwa hutufikia likiwa limepita mikononi mwa watu: walioliona, waliolisimulia na walioliandika baadaye. Jambo hili hudhihirika zaidi katika mapinduzi, kwa kuwa mapinduzi huwagawa watu kuwa washindi na washindwa, na kila upande hubaki na habari zake. Kwa hiyo mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa historia, pamoja na mwalimu wake, hawana budi kujua namna ya kuitumia mitazamo ya wanahistoria.

Tuyatazame Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari, 1964. Yapo mambo yasiyo na ubishi. Katika uchaguzi wa Julai 1963, chama cha Afro-Shirazi kilipata asilimia 54 hivi ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Hizbu na mshirika wake, ZPPP, vilipata viti 18 vikaunda serikali. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba, 1963, chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah. Siku 33 baadaye serikali hiyo ikaangushwa.

Ubishi huanza tunapouliza sababu. Michael Lofchie, aliyeandika mwaka 1965, alitilia mkazo mgawanyiko wa jamii kwa misingi ya asili na rangi, ambao vyama vya siasa viliujenga badala ya kuuvuka. Abdul Sheriff na wenzake, katika kitabu cha mwaka 1991, waliangalia zaidi uchumi: ni nani aliyemiliki mashamba ya mikarafuu, ni nani aliyeyafanyia kazi, na ni nani aliyeishi humo kwa ridhaa tu ya mwenye shamba. Naye Jonathon Glassman, mwaka 2011, alichunguza magazeti, hotuba na mabishano ya miaka ya mwisho ya ukoloni, yaliyowafanya majirani waanze kuonana kuwa maadui.

Wanafunzi wengi huishia hapo. Huyapanga majina ya wanahistoria katika majibu yao kama mtu apangaye sahani mkekani asipakue chakula. Mtazamo ni chombo cha kuuliza maswali, na thamani yake huonekana unapotumiwa juu ya ushahidi.

Tuichukue ile asilimia 54. Anayefuata mtazamo wa siasa ataona wingi wa watu ulionyimwa madaraka na mipaka ya majimbo. Anayefuata mtazamo wa uchumi atauliza kura hizo zilitoka kwa nani, naye atawatafuta wachukuzi wa bandarini, vibarua wa mjini na wakulima wasio na ardhi. Lakini asilimia 46 zilizobaki nazo zina maneno yake. Waarabu walikuwa wachache visiwani, hivyo wasingeweza peke yao kutoa kura zote hizo. Washirazi wengi, hasa wa Pemba, waliviunga mkono vyama vya serikali. Basi anayesema kwamba yalikuwa mapambano ya Waafrika na Waarabu tu, hana budi kwanza kuieleza Pemba. Takwimu moja imetupa maswali matatu, na hiyo ndiyo kazi ya historia.

Walioshiriki nao husomwa kwa uangalifu uleule. John Okello, katika kitabu chake cha mwaka 1967, alijiweka katikati ya tukio zima. Abdulrahman Babu, aliyekuwa kiongozi wa Umma Party, aliandika baadaye akisisitiza mchango wa vijana wa chama chake katika kuyapa mapinduzi mwelekeo. Yafaa tukumbuke kwamba Okello alikwisha kuondolewa visiwani alipoandika, na kwamba Babu alikuwa na chama cha kukitetea. Jambo hilo haliwafanyi kuwa waongo. Linatufundisha tu kuuliza kila shahidi alisimama wapi.

Hata maneno yana upande. Wapo wanaosema «mapinduzi», na wapo wanaosema «uvamizi». Kila neno limekwisha kutoa hukumu kabla ya sentensi kumalizika. Vivyo hivyo kuhusu waliokufa. Watu wengi, hasa wenye asili ya Kiarabu, waliuawa, na idadi inayotajwa hutofautiana sana kutoka mwandishi mmoja hadi mwingine. Mwanafunzi asichague idadi inayoupendeza upande wake. Aseme ni nani aliyeitaja, lini, na kwa kutegemea nini.

Kwa hiyo jibu zuri la mtihani hutoa hoja, huleta ushahidi, huonyesha jinsi wanahistoria wawili wanavyoufasiri tofauti, kisha hupima ni ufasiri upi unaoeleza mambo mengi zaidi. Kukaa katikati bila kuamua si kupima.

Haya si ya mtihani tu. Katika vitongoji kama Mwananyamala na Temeke, huweza kukaa dawati moja mjukuu wa aliyeshangilia Januari ile na mjukuu wa aliyekimbia. Kila mmoja amekuja na simulizi ya nyumbani kwao. Mwalimu anayewafundisha kuzipima simulizi hizo mbili kwa ushahidi mmoja, bila kumnyamazisha yeyote, anawapa njia ya kuzungumza juu ya nchi yao wakiwa bado wameketi pamoja.